Mbuzi wa Loresho na Meza ya Bwana

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninywe chai. Nilikuwa nimefika mapema katika kanisa letu la katikati ya jiji, nimevaa sketi ya kijivu na viatu vipya vilivyonibana, nikitarajia kuonyeshwa mahali pa kuhubiri. Mchungaji Kiongozi, mzee mrefu aliyesema kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili, alinikalisha ofisini mwake.

"Chuoni wamekufundisha kuhubiri?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mchungaji."

"Hiyo iweke kando kwanza. Hapa tuna wazee wengi ambao hawawezi tena kupanda ngazi za kanisa. Utakuwa ukienda kwao nyumbani. Wakikupa chai, kunywa. Wakikuongezea, kunywa tena. Wengine hawajapata mgeni tangu Krismasi."

Nilivunjika moyo. Nilikuwa nimetoka kwetu Meru nikijiona mtu wa mimbari, na sasa natumwa kunywa chai. Lakini ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nikapata mvi, na leo ukiniuliza kama ningependa nyingine, nitakuambia hapana, na nitakuambia bila kufikiri.

Vijana wakisikia neno mwinjilisti, wanafikiria mtu mwenye maikrofoni na spika kubwa kando ya barabara. Katika kanisa letu mwinjilisti ni mwajiriwa aliye chini ya mchungaji. Havai kola ya kichungaji. Hutumwa kule ambako mchungaji hawezi kufika kila wiki: kwa wagonjwa, kwa wafiwa, na zaidi ya yote kwa wazee. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupeleka Meza majumbani. Meza ya Bwana, yaani mkate na divai ya ushirika, hubarikiwa na mchungaji mbele ya waumini. Sehemu ya wagonjwa hutengwa, hufunikwa kwa kitambaa cheupe na kuwekwa kikapuni, kisha mwinjilisti anaondoka nayo. Sikuwa na ruhusa ya kubariki. Nilikuwa mchukuzi tu, na sijawahi kuona haya kwa hilo.

Kazi hiyo ina ufundi wake ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Ukiingia, msalimu kwanza yule anayemuuguza mgonjwa, kwa sababu ndiye aliyechoka na ndiye anayesahauliwa. Keti mahali ambapo mgonjwa hatalazimika kuinua shingo akuone. Maombi yawe mafupi. Mzee aliyekunywa dawa za kupunguza maji mwilini hawezi kuvumilia maombi ya robo saa, hata awe mcha Mungu namna gani. Na kwa asiyeweza kumeza vizuri, unachovya kipande kidogo cha mkate kwenye divai kikalainika, unamwekea ulimini, halafu unangoja. Sisi wa kazi hiyo tuliita jambo hilo kuchovya. Usimharakishe anayechovyewa.

Baada ya miaka ya mjini nilihamishiwa parokia iliyohudumia Spring Valley na mitaa ya karibu. Huko nilikutana na wazee wenye nyumba kubwa, mageti ya umeme na watoto waliokuwa ng'ambo. Mama mmoja alikuwa na vyumba ambavyo hakuwa ameviingia kwa muda mrefu kwa sababu ya magoti. Aliniomba nikaangalie kama mapazia ya ghorofani bado yapo. Nilipanda, nikayaona, nikashuka nikamwambia yapo. Akafurahi kuliko alivyofurahia zaburi niliyomsomea.

Mchungaji wa Parokia ile alikuwa mtu wa mbio. Alipenda kila kitu kiende kwa ratiba.

"Mwinjilisti Tabitha," aliniambia siku moja, "unachelewa sana. Dakika kumi kila nyumba zinatosha. Unasoma, unaomba, unatoa Meza, unaenda."

"Na chai, Mchungaji?"

"Waambie una haraka."

"Sitaweza kuwaambia hivyo. Sina haraka, na wao watajua."

Hakufurahi, na aliniandika mtu mkaidi, jambo ambalo ni kweli. Lakini baadaye mama yake mwenyewe alipougua huko kwao, alinipigia simu akaniuliza ni kitu gani anachoweza kumwambia. Nilimjibu aende akae naye. Akaenda, na aliporudi hakuzungumza tena habari za dakika kumi.

Katika nyumba zile zote, za matajiri na za watu wa kupanga, nilikuja kugundua kuwa wazee hawaogopi kifo chenyewe jinsi tunavyodhani. Wanaogopa vitu vilivyo kando yake. Mmoja anaogopa kwamba atawasumbua watoto. Mwingine anaogopa kuoshwa na mtu asiyemjua. Wengine wana jambo moja ambalo halikumalizika, na hilo ndilo linalowakosesha usingizi. Mwinjilisti mwenye subira atalisikia jambo hilo likitoka, kwa kawaida baada ya kikombe cha pili.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Dagoretti Corner. Mchungaji wa Parokia alikuwa mwanamke mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, mpole, lakini mwenye msimamo kama nguzo ya stima. Kanuni za kanisa letu zinamtaka mwinjilisti astaafu umri fulani ukifika, na wangu ulikuwa umebisha hodi. Mwisho wa mwezi ningerudisha kikapu, na hakuna aliyekuwa ameteuliwa kukipokea. Nilikuwa nikipitia nyumba za wazee wangu kuwaaga mmoja mmoja, na hapo ndipo lilipotokea jambo la Mama Kamau.

Jina lake lilikuwa Ndunge, Mkamba wa Kitui, na mumewe, Mzee Njoroge, alikuwa Mkikuyu mwenye ploti za nyumba za kupanga pale nyuma ya maduka. Kanisani kila mtu alimjua kwa chai. Jumapili ya Meza, mchungaji akianza tu kukunjua kile kitambaa cheupe, Mama Kamau alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni kwenda jikoni. Watu wakimaliza ibada walikuta chai ya maziwa tayari na mandazi ya moto. Mwenyekiti wa akina mama alimsifu mara nyingi mbele ya watu kwamba huyo ndiye Martha wetu, kama yule aliyemwandalia Yesu chakula. Yeye aliinama tu akacheka kidogo.

Moyo wake ulipoanza kudhoofu, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi. Hospitali walimpa dawa na kumrudisha nyumbani, wakiwaambia watoto kwamba wamkalie karibu. Nilimwendea na kikapu. Nilipoweka kile kitambaa juu ya stuli, akageuza uso akatazama ukuta.

"Hiyo rudisha, Mwinjilisti. Mimi si wa Meza."

"Kwani hujabatizwa?"

"Nilibatizwa nikiwa msichana. Lakini mimi na huyu mzee hatujawahi kufunga ndoa. Tulikutana hapa Nairobi tukaanza tu kukaa. Tulikuwa tunasema mwaka ujao. Watoto wakakuja, ikawa hivyo."

Katika kanisa letu, watu wanaoishi pamoja bila ndoa kubarikiwa hawakaribii Meza. Nilikuwa nimekunywa chai ya mama huyu kwa miaka.

"Kwa hivyo zile Jumapili za Meza…"

"Nilikuwa naenda jikoni ndio watu wasinione nimebaki kwa kiti wengine wakienda mbele. Ukiwa na sufuria mkononi hakuna mtu anakuuliza kitu."

Nilimshika mkono. Mimi si mtu wa kulia hovyo, lakini siku hiyo nilijifanya natafuta leso ya kufutia vikombe.

Jambo halikuishia hapo. Kwa Wakamba kuna ntheo. Ni mbuzi watatu ambao mwanamume huwapeleka kwa wazazi wa msichana, na hao ndio wanaomfanya awe mke. Unaweza kutoa mahari mengine yote, gari zima la vitu. Bila ntheo, huyo bado ni binti wa kwao aliyepotea njia. Mwanamke akifa kabla ya ntheo, watu wake wanaweza kuja kusimamisha mazishi. Nimewahi kuona kaburi likiwa wazi na jeneza limewekwa kando, wazee wakibishana habari za mbuzi huku watoto wa marehemu wakitazama.

"Na mimi ntheo yangu haijaenda," Ndunge aliniambia. "Huku ni kwa Njoroge, si kwangu. Kwetu baba alikufa, shamba limegawanywa, nikirudishwa huko watanizika kona gani? Mwinjilisti, sitaki kufa nikiwa mgeni kwa kila mtu."

Mzee Njoroge alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, akisikia kila neno. Alikuwa mtu wa kelele, anayegombana na wapangaji kuhusu maji tangu asubuhi, lakini nilipotoka alikuwa amenywea.

"Nilienda kwao, Mwinjilisti," akasema. "Tukiwa vijana. Baba yake alinifukuza, akasema binti yake haolewi na mtu wa huku. Nikasema atapoa nirudi. Akakufa kabla sijarudi. Sasa nikaona haya. Mtu ataenda aje kuomba bibi akiwa na wajukuu?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji. Nilimwomba aje nyumbani abariki ndoa ile kitandani, upesi, tumpe mama Meza yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kubariki ni kazi ya nusu saa," akasema. "Niko tayari hata kesho. Lakini upande wa mama lazima uje useme tumemtoa. Nikibariki bila wao, siku ya mazishi watakuja waniulize nilimwoza binti wa nani. Na watakaoumia ni hao watoto."

"Na akifa kesho kutwa?"

"Basi fanya haraka, Mwinjilisti."

Nilitoka ofisini nimenuna. Nilijua ana haki, na ndiyo maana nilinuna zaidi.

Upande wa mama ulikuwa na mtu mmoja hasa: kaka yake mkubwa, Bwana Musyoka, aliyestaafu kazi kubwa serikalini na kujenga Loresho, mtaa wa matajiri. Ndunge na kaka yake walipigiana simu sikukuu, basi. Hakuwahi kukanyaga Dagoretti kwa shemeji asiyetambulika. Mzee Njoroge akamtafuta msemaji, mzee mmoja wa ukoo wake anayejua kuzungumza kwenye sherehe, na mimi nikaenda kama mtu wa kanisa.

Tulipokelewa vizuri. Nyumba ilikuwa na baridi na usafi mwingi. Bwana Musyoka, mzee mnene mwenye sweta ya kijani, alituamuru tuketi, chai ikaletwa, tukanywa. Msemaji wetu akasimama akazungumza maneno mazuri ya udugu. Alipomaliza, akatoa bahasha katika mfuko wa koti akaiweka mezani, katikati ya vikombe.

Hapo nieleze. Kwa Wakikuyu wa siku hizi, mbuzi wa mahari huhesabiwa kwa mdomo na kutolewa kama pesa kwenye bahasha. Nimehudhuria sherehe ambapo walitajwa mbuzi wa kujaza bonde zima, na sikusikia hata mmoja akilia. Kwa Mzee Njoroge na msemaji wake, hiyo bahasha ilikuwa heshima kamili.

Bwana Musyoka aliitazama bila kuigusa.

"Hii ni nini?"

"Ni hizo mbuzi, shemeji," msemaji akajibu.

"Ziko wapi?"

"Ziko hapo ndani."

"Mzee," Bwana Musyoka akasema taratibu, "mimi nimefanya kazi ya serikali maisha yangu yote. Bahasha nazijua sana. Ntheo haikai kwa bahasha."

Akaisukuma ikarudi upande wetu. Mzee Njoroge akainuka, akachukua kofia yake, akaaga kwa kichwa. Njiani, tulipofika Kangemi, akasema, akitazama nje ya dirisha, "Wameninyima tena." Msemaji alijaribu kumtuliza, naye akamwambia anyamaze. Nami nilikuwa nahesabu moyoni siku zilizobaki za mwezi, na nilikuwa nimemkasirikia kila mtu, hata yule mzee wa Kitui aliyekwishakufa.

Tulimkuta Ndunge ameegemezwa mito. Akatutazama nyuso zetu.

"Amesema nini?"

Ikabidi nimweleze mimi. Nilipofika kwenye bahasha, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, binti yake akaja mbio na maji.

"Mlipeleka bahasha?" akauliza alipopata pumzi. "Kwa Mkamba? Ya ntheo?"

"Si ndio tunafanyanga," Mzee Njoroge akasema.

"Nyinyi ndio mnafanyanga. Baba Kamau, aliwapa chai?"

"Alitupa."

"Na mkanywa?"

"Tukakunywa."

"Musyoka ni kama baba. Angekuwa anakataa hangewapa hata maji. Hajakunyima. Amekuambia upeleke mbuzi. Zenye miguu."

Mzee Njoroge alibaki amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi. Nakumbuka vizuri jinsi uso wake ulivyobadilika polepole, kama mtu aliyeamka akakuta kwamba homa imeondoka. Tangu ujana wake alikuwa akibeba kukataliwa na baba mkwe, na kumbe mlango wa Loresho haukuwa umefungwa. Alitoka nje bila kuaga. Tukamsikia akimwita mpangaji mmoja mwenye pikapu, akimuuliza kama kesho yuko na kazi.

Kesho yake tulifika kwenye geti la mtaa wa Bwana Musyoka na mbuzi watatu nyuma ya pikapu, wamefungwa kamba, wakilia bila kupumzika. Mlinzi alitoka kibandani akazunguka gari.

"Wazee, hizi haziingii. Association ya wakaaji ilikataza mifugo hapa ndani."

"Ni za Bwana Musyoka," msemaji akasema.

Mlinzi akatabasamu kwa huruma. "Mzee, Musyoka ndiye chairman. Hiyo sheria ni yeye aliandika."

Mbuzi wakalia kwa pamoja. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama kutazama. Nilimwambia mlinzi ampigie mkubwa wake simu, akakataa, akisema hataki kupoteza kazi kwa sababu ya mbuzi. Nikamwambia nitakaa hapo chini ya kizuizi mpaka apige. Nilikuwa mama mzee, nimevaa sare ya kanisa, na nilianza kweli kutafuta mahali pa kukaa. Akapiga.

Bwana Musyoka alikuja kwa miguu, amevaa malapa na ile sweta yake ya kijani. Mlinzi akasimama wima.

"Mkubwa, hawa watu wamekuja na mbuzi. Nimewaambia rules."

Bwana Musyoka alikwenda nyuma ya pikapu, akawatazama wale mbuzi mmoja mmoja. Akanyoosha mkono akamshika mmoja mgongoni, akaupapasa kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha mkono ukabaki hapo. Niliona mabega yake yakishuka. Mzee yule mnene, aliyekuwa akiamuru ofisi nzima za watu, alikuwa akilia mbele ya geti, wala hakujaribu kuficha.

"Fungua," akasema.

"Na ile sheria, mkubwa?"

"Nimekwambia fungua. Hizi ni mbuzi za dada yangu."

Mmoja alichinjwa nyuma ya gereji siku ileile, kama desturi inavyotaka, na tukala pamoja, watu wa huku na wa kule. Mzee Njoroge na Bwana Musyoka walikaa kwenye viti vya plastiki wakigawana figo. Waliongea habari za mvua, dawa za presha na vijana wasiosikia. Hakuna aliyetaja baba mkwe. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikinuka moshi wa nyama, na nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata kwa wiki kadhaa.

Ndoa ilibarikiwa chumbani, siku chache kabla ya siku yangu ya mwisho kazini. Mchungaji alivaa kanzu yake kamili ingawa nafasi kati ya kitanda na kabati ilimtosha kusimama tu. Bwana Musyoka alisimama mlangoni akasema kwa sauti, "Tumemtoa." Ilipofika pale pa kiapo, mahali panaposema mpaka kifo kitakapotutenganisha, Ndunge akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo haiko mbali," na Mchungaji akauma mdomo ili asicheke. Mzee Njoroge alijibu "Ndiyo" kabla hajaulizwa.

Kisha Mchungaji akafunua kitambaa. Alichukua sahani, akanigeukia. "Mwinjilisti, mpe wewe."

Nilichovya kipande kidogo, kwa sababu kumeza kulikuwa kumekuwa kugumu. Nikamwekea ulimini, nikangoja. Alifumba macho. Hata wapangaji walikuwa wamezima redio. Baada ya muda mrefu akameza, akafumbua macho akanitazama.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, mama."

"Miaka yote nikikimbia, kumbe ni kipande kidogo hivi." Machozi yakamtoka huku akitabasamu. "Asante. Nimetosheka."

Watu huniuliza imani ni nini, hasa wajukuu wangu, ambao siku hizi huuliza kila kitu. Sina maelezo ya kitabu. Nimefanya kazi chini ya wachungaji wasomi na nimesikia mahubiri mazuri mpaka nikayachoka. Ninachojua ni kwamba niliona mtu akipewa kitu ambacho kwa miaka mingi wengine walipewa huku yeye akiwapikia chai, na niliona hofu ikimtoka usoni. Utumishi ni mzuri, nimeishi kwa huo. Lakini nimeona wengi wakijificha ndani yake, na pengine na mimi siku moja moja. Mungu anataka pia tuketi tupewe, na kwa sisi tuliozoea kubeba vikapu hilo ndilo somo la uzeeni.

Nilistaafu mwisho wa mwezi ule. Walinipa blanketi, jiko la gesi na maneno mengi. Wiki za kwanza nilizunguka nyumba kama kuku aliyepoteza mayai. Asubuhi nilikuwa nikivaa, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Magoti yalianza kuuma mara tu nilipopata nafasi ya kuyasikiliza. Niliogopa, nakiri wazi, kwamba sasa foleni imenifikia mimi.

Siku moja nilikwenda kwa Ndunge nikiwa mikono mitupu. Hakuwa amekufa. Daktari alisema ni dawa mpya, nami sibishani na daktari. Alikuwa akiweza kutoka mpaka uani kwa fimbo, akigombana na mumewe kuhusu sauti ya redio. Nikamwambia sina kikapu, nimekuja hivihivi.

"Basi keti," akasema. "Chai atapika Njoroge."

Na akapika, ikawa na majani mengi, tukainywa hivyohivyo. Nilikwenda tena wiki iliyofuata, na nyingine. Hatukuwa tukisoma wala kuomba kila mara. Tuliongea juu ya kuzeeka, juu ya meno, juu ya majina tunayoyasahau. Nilimuuliza kama bado anaogopa. Akasema anaogopa maumivu kidogo, kama kila mtu, lakini usiku hulala. Nami nikajikuta, nikirudi nyumbani, nimepungukiwa na hofu yangu mwenyewe.

Aliondoka wakati wa mvua ndefu za mwaka uliofuata, asubuhi, binti yake akiwa anamchana nywele. Mzee Njoroge alinipigia mimi kabla ya kumpigia Mchungaji. Katika miaka yote niliyomjua alikuwa akimwita Mama Kamau. Siku hiyo alisema, "Mwinjilisti, mke wangu ameniacha." Nililia kwa nguvu, kisha nikavaa nikaenda.

Maombi ya jioni ya kwanza yalifanyika uani, chini ya hema. Watu wa Kitui walikuja na basi, wakaketi upande mmoja. Baada ya wimbo, Bwana Musyoka akasimama na kuomba nafasi. Wazee wa pande zote mbili walijua jinsi mambo yanavyoanza, ndugu wa marehemu anaposimama kabla ya kaburi kuchimbwa. Nilimwona Kamau, kijana wake wa kwanza, akishika ukingo wa kiti.

"Sisi wa kwa mama hatuna neno," Bwana Musyoka akasema. "Dada yetu yuko kwake. Mzikeni hapa. Tuendelee na maombi."

Akaketi. Mzee Njoroge, aliyekuwa kando yangu, akashusha pumzi ndefu, akaniomba nimpe mkono asimame aimbe.